Jembe la Tatu

SABATO MCHANA

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Mwa. 2:15, Kut. 20:8–11, 1 Fal. 19:1–18, Mt. 11:28–30, Yn. 5:1–15, 1 Kor. 9:24–27, Gal. 6:1–5, 1 Tim. 4:7, 8.

Fungu la Kukariri: Wagalatia 6:5. Ni fungu fupi. Likariri pamoja na fungu la 2 la sura hiyo hiyo, maana moja likishikwa bila lingine huwaumiza watu.

Mwaka 1867, majira ya baridi yalipokwisha, mama mmoja aliyekuwa akiishi katika shamba jipya huko Greenville, jimbo la Michigan, Marekani, alimwita mwanawe wa miaka 12. Kulikuwa na miche ya matunda ya kupanda na bustani ya kulima. Mama akamwagiza mwanawe anunue majembe matatu na reki tatu, akasisitiza kwamba kila kifaa kiwe kitatu.

Jembe moja lilikuwa la mama, na moja la mtoto. La tatu lilikuwa la baba, na hapo ndipo penye jambo. Kwa zaidi ya mwaka mmoja na nusu baba huyo alikuwa mgonjwa. Alikuwa amepata kiharusi, na madaktari, jamaa na marafiki walikuwa wamezoea kumwona ameketi. Yeye mwenyewe alikuwa amezoea hivyo. Vifaa vilipoletwa, akapinga. Kisha akalishika lile jembe. Mama akatangulia mbele akilima mpaka mikono ikatoka malengelenge. Baba hakuweza kufanya mengi siku ile. Alikuwa akifuatisha tu mwendo wa kulima. Lakini jembe lilikuwa mkononi mwake.

Mama huyo alikuwa Ellen G. White. Mtoto alikuwa William, ambaye nyumbani walimwita Willie. Mgonjwa alikuwa James White, aliyechaguliwa kuwa Mwenyekiti wa Konferensi Kuu miezi michache tu kabla ya kuugua.

Juma hili linahusu jembe hilo la tatu, lile analonunuliwa mtu ambaye wote wamekwisha kuamua kwamba hawezi.

*Jifunze somo la juma hili kwa ajili ya maandalizi ya Sabato ijayo.*

JUMAPILI
Ekari Mia Moja

Soma Mwanzo 2:15 na Kutoka 20:8–11. Kazi ilianza lini, kabla ya dhambi au baada yake? Amri ya nne inasema nini kuhusu siku sita?

Adamu aliwekwa bustanini akiwa na kazi ya kufanya. Jasho na miiba vilikuja baadaye, katika sura ya 3, lakini kulima na kutunza vilikuwapo wakati ambapo kila kitu kilikuwa bado chema. Kwa hiyo mtu anayesema kwamba kazi ni laana aliyoachiwa na Adamu amesoma sura ya 3 akairuka ya 2.

Waadventista Wasabato hawahitaji kukumbushwa kwamba amri ya nne inahusu pumziko. Ni mara chache, hata hivyo, darasa linapokaa na fungu la 9, ambalo linataja kazi ya siku sita kwa uzito ule ule. Pumziko la siku ya saba ni pumziko la mtu aliyefanya kazi.

James White aliijua kazi ya mikono. Mwaka 1848, akiwa kijana asiye na mshahara wala kanisa lililopangwa la kumlipa, yeye na ndugu wawili walifanya mapatano ya kufyeka majani ya ekari 100 kwa senti 87 na nusu kila ekari, chakula wakijitafutia wenyewe. Alitaka apate dola chache za kutumia katika kazi ya Mungu, aweze kusafiri kwenda kwenye mikutano ambako waumini wachache walikuwa wakijifunza juu ya Sabato. Siku ya saba alipumzika. Barua aliyoandika wakati huo aliipatia nafasi kwa sababu mvua ilinyesha, hakuweza kufyeka.

Mwaka uliofuata alianza kuchapisha gazeti, na mkono uliozoea kushika mpini ukazoea kalamu. Miaka 16 ikapita. Kulikuwa na magazeti ya kuhariri, nyumba ya uchapaji ya kuendesha, makanisa ya kutembelea, madeni, mabishano, na barua zisizokwisha. Alifanya kazi mchana, akafanya na usiku. Amri ilimpa siku sita za kazi. Usiku wake aliuongeza mwenyewe.

Asubuhi ya tarehe 16 Agosti 1865, akiwa na umri wa miaka 44, alitoka kutembea na mkewe. Aliingia katika shamba la mahindi, akachuma hindi moja bichi. Mkewe akasikia sauti isiyo ya kawaida. Alipoinua macho, uso wa mumewe ulikuwa umegeuka kuwa mwekundu, na mkono wake wa kulia ulikuwa unaning'inia bila nguvu.

Hakuwa mlevi wala mvivu. Alikuwa mtunza Sabato, mhubiri, mwanzilishi. Mwili wake haukuzingatia vyeo hivyo.

Kuna watu wanaojivunia kuchoka kwa ajili ya kazi ya Mungu. Je, wewe ni mmoja wao? Mtu wa karibu nawe angekujibu nini ukimwuliza swali hilo?

JUMATATU
Chini ya Mretemu

Soma 1 Wafalme 19:1–18. Andika kwa mpangilio mambo ambayo Mungu alimfanyia Eliya. Je, neno la kumrekebisha lilikuja mwanzoni au baadaye?

Siku moja kabla, nabii huyu alikuwa amesimama peke yake mbele ya manabii 450 wa Baali. Sasa mwanamke mmoja ametuma mjumbe, naye anakimbia mpaka Beer-sheba, anamwacha mtumishi wake huko, kisha anaingia jangwani mwendo wa siku moja, anaketi chini ya mti na kuomba afe.

Angalia jinsi mbingu zilivyomshughulikia. Kwanza ni usingizi. Kisha malaika anamgusa, na hapo pana mkate uliookwa juu ya makaa na chupa ya maji. Anakula, analala tena. Malaika anamgusa mara ya pili, na safari hii sababu ya kula inatajwa: iko safari mbele yake. Hakuna hotuba. Malaika hakumkumbusha moto wa Karmeli, wala hakumkemea kwamba nabii hapaswi kuvunjika moyo. Ni wageni wangapi wa wagonjwa wangeweza kujizuia hivyo?

Lakini baada ya chakula cha pili, Eliya hakuachwa kivulini. Alitembea siku 40 mpaka Horebu. Mungu angeweza kusema naye pale pale chini ya mretemu. Hakuwa na uhaba wa njia. Badala yake alimwacha atumie miguu yake. Na huko mlimani, baada ya upepo, tetemeko, moto na ile sauti ndogo, alipewa kazi: amtie mafuta Hazaeli, amtie mafuta Yehu, amtie mafuta Elisha. Nabii aliyesema kwamba amebaki peke yake alirudishwa barabarani akiwa na majina matatu na habari za watu 7,000.

Kuna wanaosoma sura hii kama ruhusa ya kulala, na kuna wanaoisoma kama amri ya kuamka. Mpangilio wake hauruhusu kuchagua. Eliya angeamshwa bila kulishwa, angeanguka njiani. Na kama angelishwa bila kuamshwa, mti ule ungekuwa makao yake.

Katika kanisa lenu, anayevunjika moyo hupata nini kwanza: mkate, hotuba, au kazi? Mpangilio huo umemsaidia nani?

JUMANNE
Nyayo Katika Theluji

Mwezi wa Septemba 1865, James White alipelekwa Dansville, jimbo la New York, kwenye nyumba ya matibabu iliyosifika kwa tiba ya maji. Alikaa huko karibu miezi mitatu. Mambo mengi aliyofundishwa huko yalikuwa mema: hewa safi, maji, chakula chepesi. Ilikuwa miaka miwili tu tangu Ellen White apate njozi juu ya afya huko Otsego, Juni 1863, na wengi wa Waadventista walikuwa bado wanajifunza mambo hayo. Lakini mashauri mawili yalimsumbua mkewe. La kwanza lilikuwa apumzike kabisa, mwili na akili, asifanye kazi yoyote. La pili lilikuwa apunguze mambo ya dini, kwa kuwa waliona kwamba ndiyo yaliyomchosha.

Mke aliona jambo lingine likitokea. Mumewe alikuwa anazama. Hakuwa na kazi ya kufanya, kwa hiyo siku nzima alijifikiria mwenyewe: amekula nini, amelala saa ngapi, moyo unapiga vipi. Kila maumivu yalikuwa habari kubwa. Waliondoka Dansville. Katika Desemba hiyo hiyo, wakiwa Rochester, Ellen White alipewa njozi iliyohusu afya ya mumewe na pia haja ya kanisa kuwa na taasisi yake ya afya. Taasisi hiyo ilifunguliwa Battle Creek mwezi wa Septemba 1866.

Kuamini ni jambo moja, na kumwinua mgonjwa kitini ni jambo lingine. Mwaka mzima wa 1866 ulipita, naye hali yake ikabaki ya kukatisha tamaa. Tarehe 19 Desemba 1866, theluji ikiwa inaanguka, Ellen White alimpandisha mumewe kwenye gari la farasi, wakasafiri maili 90, yaani karibu kilomita 145, kwenda kwa waumini wa Wright, Michigan. Marafiki walidhani anampeleka kufa. Jamaa walikuwa wamemwambia amekwisha kufanya yote anayoweza, amwachie Mungu. Ni maneno mazuri, nayo huwa magumu sana kuyapinga.

Huko Wright walikaribishwa nyumbani kwa ndugu mmoja, na mgonjwa akaanza kutembea kila siku. Asubuhi moja theluji ilikuwa nzito, naye akasema hali hiyo haitembeleki. Mkewe alikuwa amekwisha kujua kwamba atasema hivyo. Alikuwa ameazima buti kuukuu za mwenye nyumba, akatoka nje peke yake, akakanyaga theluji robo maili, akarudi. Kisha akamwalika mumewe watembee. Alipokataa, akamwonyesha kwamba njia ipo: akanyage pale alipokanyaga yeye. James White akazitazama zile nyayo. Akaona kwamba kama mwanamke amepita, naye atapita. Asubuhi ile hakukosa matembezi yake.

Soma 1 Timotheo 4:7, 8 na 1 Wakorintho 9:24–27. Paulo anatoa nafasi gani kwa mazoezi ya mwili? Kwa nini anatumia lugha ya michezo anapozungumza juu ya utauwa?

Mtume aliyeandika maneno hayo alikaa Korintho mwaka mmoja na nusu akishona mahema pamoja na Akila na Prisila (Mdo. 18:1–11). Kama kilomita 15 kutoka mji huo, mahali paitwapo Isthmia, kila baada ya miaka miwili wanariadha walikusanyika kushindana, na mshindi alivikwa taji la majani. Wakorintho walijua maana ya kujizuia katika yote kwa ajili ya kitu kitakachonyauka. Paulo hasemi kwamba mazoezi ya mwili ni bure. Anasema faida yake ina mpaka. Kisha analichukua neno lile lile la uwanjani na kumwambia Timotheo afanye mazoezi ya utauwa.

Neno hilo linamhusu kila anayesali akingoja kujisikia vizuri kwanza ndipo aanze. Mwanariadha haanzi siku ya mashindano. Sala ya asubuhi ambayo haina msisimko wowote, kama matembezi ya robo maili katika hali mbaya ya hewa, inajenga msuli ambao utahitajiwa siku nyingine.

Ni zoea gani la kiroho uliloliacha kwa kuwa hali haikuwa nzuri? Nani anaweza kukutangulia kukanyaga njia?

JUMATANO
Majirani Waliokataa

Soma Wagalatia 6:1–5. Fungu la 2 linataka waumini wachukuliane mizigo, na fungu la 5 linasema kila mtu ana wake wa kubeba. Je, Paulo anajipinga?

Katika Kiyunani, mafungu hayo mawili yanatumia maneno mawili tofauti. La fungu la 2 ni *baros*, uzito unaoelemea, kitu ambacho mtu mmoja akiachiwa peke yake kitamvunja. La fungu la 5 ni *phortion*, shehena ya kawaida, furushi ambalo kila msafiri au askari hubeba la kwake. Kwa hiyo upendo wa Kikristo unahitaji macho ya kutambua ni mzigo upi ulio mbele yako. Kumwacha mtu na *baros* ni ukatili. Kumnyang'anya *phortion* yake ni ukatili pia, ingawa huonekana kama huruma na hushukuriwa.

Turudi Greenville, kiangazi cha 1867. Majani ya mifugo yalikuwa yamekatwa na kukauka shambani, nayo yalitakiwa kukusanywa kabla mvua haijaharibu. James White akaamua kwenda kuwaomba majirani waje kumsaidia. Lilikuwa jambo la kawaida kabisa. Majirani walikuwa watu wema, na wangekuja.

Mkewe akawatangulia. Alipita kwao kabla yake, akawaomba jambo ambalo halikuwapendeza: mumewe akija kuomba msaada, wamwambie kwamba kazi zao wenyewe zinawatosha. Wakasita. Nani anataka kumkatalia mgonjwa? Nani anataka kumkatalia mhubiri? Ilibidi awaeleze kwamba ni kwa faida yake, ndipo wakakubali. Mgonjwa akazunguka nyumba hadi nyumba, na kila mlango ukampa jibu lile lile. Akarudi nyumbani amekata tamaa.

Hapo mkewe akatoa shauri. Yeye na Willie watayakusanya majani kwa reki na kuyarusha juu ya gari. Baba ayapange garini na kuwaongoza farasi. Akakubali. Kulikuwa na tatizo moja lililobaki. Shamba lilikuwa jipya, halikuwa na ghala, kwa hiyo majani yalipaswa kupangwa lundo nje, kazi inayotaka mtu apande juu na kukanyaga. Mama akajitolea kulijenga lundo hilo mwenyewe, mumewe akimrushia majani kutoka chini, huku Willie akikusanya mzigo mwingine. Wapita njia walishangaa kumwona mwanamke aliyezoea kuhubiria umati yuko juu ya lundo la majani.

Kumbuka sasa mwaka 1848. Mtu huyu alikuwa amefyeka ekari mia na wenzake wakati ambapo hakuwa na kitu. Mikono yake iliijua kazi hii kabla haijaijua kalamu. Majirani wangekuja na kuimaliza siku moja, wangemwacha kitini akiwatazama, na kwa wema wao wangemthibitishia kile alichokuwa amekwisha kuamini juu ya nafsi yake.

Katika nyumba nyingi za waumini jambo hili linajulikana bila kutajwa. Baba au babu amepata kiharusi, au bibi amevunjika nyonga, na watoto wanamheshimu. Basi anawekewa kiti barazani. Akitaka kuchota maji, mjukuu anamkimbilia: “Shikamoo babu, tulia, nitachota mimi.” Akitaka kwenda bandani kuona kuku, anaambiwa ataanguka. Kila neno limesemwa kwa adabu. Baada ya miezi sita hana analolifanya isipokuwa kungoja chakula, na watu wanaanza kusema kwamba uzee umemwingia ghafula. Kanisani nako yuko mzee wa kanisa aliyeugua, akapona, lakini hakuitwa tena kusoma hata fungu moja, kwa kuwa ndugu walitaka apumzike.

Hata hivyo, kisa cha Greenville kinaweza kugeuzwa kuwa fimbo ya kuwapigia wagonjwa, na hilo lizuiwe mapema. Ellen White hakusimama kivulini akitoa amri. Jembe la tatu lilikuja pamoja na la kwanza na la pili. Alikuwa na malengelenge mikononi, alikuwa amevaa buti za kuazima, alikuwa juu ya lundo. Mtu ambaye hajamwosha mgonjwa, hajakesha naye, hajatembea naye hatua zile kumi za asubuhi, bado hana haki ya kumwambia ainuke.

Neno la fungu la 5, *phortion*, ndilo lililotumika pia katika Mathayo 11:30, Yesu anapozungumza juu ya mzigo anaowapa wale wanaomjia. Wamechoka, naye anawapa raha, na ndani ya raha hiyo mna nira na mna mzigo, mwepesi. Hakuwaahidi mabega matupu.

Fikiri juu ya mtu mmoja unayemsaidia. Ni sehemu ipi ya msaada wako inambebea *baros*, na ni ipi inamnyang'anya *phortion*? Utajuaje tofauti?

ALHAMISI
Godoro la Miaka 38

Soma Yohana 5:1–15. Kwa nini Yesu alimwuliza mgonjwa wa miaka 38 kama anataka kuwa mzima?

Swali hilo laonekana kama halihitaji kuulizwa. Lakini mgonjwa hakujibu ndiyo. Alieleza kwamba hana mtu wa kumtia birikani, na kwamba kila anapojaribu mwingine humtangulia. Maelezo yake huenda yalikuwa kweli tupu. Ila alikuwa ameulizwa juu ya nia yake, akajibu juu ya watu.

Yesu hakumtafutia mtu wa kumbeba. Alimwamuru asimame, achukue godoro na kwenda. Uwezo ulitoka kwa Kristo wote, hata nukta moja haikutoka kwa mgonjwa. Lakini misuli iliyojikaza ilikuwa yake, na godoro lilibebwa na bega lake. Kitu kilichombeba miaka yote hiyo, sasa yeye alikibeba. (Viongozi waliona godoro tu, kwa kuwa ilikuwa Sabato.)

Imani na juhudi hazikugawana kazi pale, nusu kwa nusu. Yule mtu asingeweza kusimama kabla ya neno, na baada ya neno asingeweza kuonyesha kwamba ameliamini kwa njia nyingine yoyote isipokuwa kusimama.

Kristo amekwisha kukuambia usimame katika jambo gani, nawe bado unaeleza habari za birika?

IJUMAA
Kwa Kujifunza Zaidi

James White alipona kwa kadiri kwamba aliirudia kazi yake. Aliongoza tena Konferensi Kuu kuanzia 1869 hadi 1871, na tena kuanzia 1874 hadi 1880. Mambo hayo yote yalikuja baada ya ile siku ya bustani, ambapo watu wengi walikuwa wamekwisha kumhesabu kama mtu aliyemaliza. Shamba la Greenville halikuwa na muujiza wa dakika moja. Palikuwa na matembezi, miche, majani makavu, sala za mke na mume, na siku nyingi ambazo hakuna tofauti iliyoonekana.

Habari yake haikumalizika vizuri kama mtu angependa. Alirudia mazoea yake ya kufanya kazi kupita kiasi, afya yake ikatetereka tena, na tarehe 6 Agosti 1881 akafariki akiwa na umri wa miaka 60. Mtu aliyejifunza kwa shida kulishika jembe hakujifunza vyema kuliweka chini. Darasa lisilipite jambo hili haraka kwa kumheshimu mwanzilishi. Mkewe mwenyewe hakuficha kwamba alifanya kazi kupita nguvu zake.

Ifahamike pia kwamba si kila mgonjwa ni wa kuinuliwa leo. Kiharusi cha juma lililopita, homa, moyo dhaifu, huzuni nzito ya akili: haya yanahitaji daktari kwanza, na mazoezi yaje kwa kipimo cha wataalamu wa viungo. Eliya alilala mara mbili kabla ya kutembea. Anayemhudumia mgonjwa ndiye anayepaswa kusali zaidi ya wote, kwa sababu siku atakapokosea kipimo, atakayeumia ni mwingine.

Maswali ya Kujadili:

1. Ellen White aliwaomba majirani wamkatalie mumewe bila yeye kujua. Wengine darasani wataona ni hekima, wengine wataona ni hila. Tofauti ya mambo hayo mawili iko wapi? Je, ingekuwaje kama James White angegundua?

2. Mithali isemayo “Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe” hutajwa mara nyingi kwa wageni. Je, inaweza kutumiwa kwa mgonjwa bila kumdhalilisha? Kwa mwumini mpya aliyebatizwa hivi karibuni je? Anapewa jembe siku ya ngapi katika kanisa lenu?

3. Katika juma lako la kawaida, ni wapi mwili wako unatumika, ni wapi akili yako inapumzika, na ni saa ngapi unayoiba kutoka usiku? Jibu kwa saa, usijibu kwa maneno ya jumla.

4. Kila darasa la Shule ya Sabato lina majina ya watu walioacha kuja baada ya kuugua, kufiwa au kuanguka. Wachukueni wawili kati yao kwa majina. Nani atawapelekea mkate, nani ataazima buti, na ni kazi gani ndogo, ya kweli na ya lazima, inayowangoja Sabato ijayo?